Mbao Tatu za Mdachi

Amu, 12 Mfunguo Mosi 1330

Kwa dada yangu Bi Mwanamkisi, Siyu.

Nakusalimu wewe, watoto na jirani zako wote. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi, ila nina hasira. Waraka wako umefika. Waniuliza kama ni kweli namchongea Mdachi sura za watu. Ni kweli, na nataka unisikilize kabla hujanilaani.

Huyu Mdachi ni mchoraji, amepanga nyumba mtaani kwetu. Aliiona milango niichongayo, akataka nimchongee mbao tatu za picha moja: ubao wa rangi nyeusi, wa nyekundu na wa kijani. Ukishachimba, kinachobaki juu hupakwa wino, karatasi hulazwa, ikasuguliwa kwa mgongo wa kijiko. Basi nikadhani ni kazi ya mlango ile ile, nikasafisha kila shimo mpaka likawa laini. Mpuuzi yule akanicheka. Akasema nimeuua ubao, yeye ataka alama za patasi zionekane. Akaninyang'anya patasi, akaukwaruza ubao kama kuku jaani. Miaka ishirini nachonga, dada, hakuna aliyewahi kunigusia patasi yangu.

Halafu akachapa karatasi sita. Mwanamke, uso wa kijani, mdomo mwekundu, macho meusi matupu. Keshokutwa anazipeleka nti za Ulaya, zitundikwe ukutani, atazamwe na kila mpita ndia. Nilimwambia azichane. Akanijibu kuwa sijui kitu.

Sasa lililonikaa kooni. Hakuna mwanamke wa Amu aliyekubali kukaa mbele yake. Yule wa pichani ni mama yetu. Mdachi alitaka uso, nami nikamchorea wa mama kwa mkaa, kwa kuwa tangu tumzike nilianza kuusahau, nikaona nitaupata tena. Mama ambaye hakusogea dirishani bila kujitanda, mimi mwanawe nimemfunua.

Jana niliingia kwa Mdachi nikazitwaa mbao, asichape nyingine. Ule wa kijani na ule mwekundu nimezipiga randa. Ule mweusi umenishinda. Nimeutukana, nimeutupa chini, nimeuokota. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba, pamoja na mikwaruzo ya yule mpumbavu, ndiye yeye hasa, vile alivyokuwa siku zile za mwisho akiumwa. Nimeufunga kwa leso yake. Ukiutaka, uchukue. Usipoutaka, njoo na shoka lako, maana mimi sitaweza.

Nisalimie mwanao Tima na wote wanaoniuliza, na mniombee kwa Mola.

Nduguyo mkosa,
Famau bin Abdulqadir