Baba wa Mtoto Kwenye Kadi ya Dada

Endabash, Jumanne usiku

Ndugu wapambanaji! Nimezoea majukwaa ya chuo kiasi kwamba hata daftari nalihutubia.

Nakiri kushindwa. Wiki nzima nimemhutubia Shemeji Tluway juu ya wajibu wa mwanamume kupima VVU pamoja na mkewe mjamzito. Juzi alisinzia nikiwa bado kwenye utangulizi. Naye Dada Paskalina hakubali kupima peke yake. "Nikikutwa navyo, atasema nimevileta mimi." Na mtoto aliye tumboni hasubiri mjadala.

Leo kliniki pale zahanati, kwa kuwa wajawazito wanaokuja na waume huhudumiwa kwanza, Dada alimketisha Boay, bodaboda aliyetuleta, kando yake kama mumewe. Muuguzi akaandika kwenye kadi: Baba, Boay. Walipoitwa kupima damu, Boay akakumbuka ana abiria sokoni, na Dada akakataa tena.

Shemeji alipoisoma kadi nyumbani, aliacha ugali mezani akatoka mbio. Tulimkuta zahanati akifoka, "Nani kakuruhusu kumgawa mtoto wangu?"

"Baba, anaandikwa anayekuja," muuguzi alijibu. "Ukitaka nimfute Boay, kaa hapo, lete kidole."

Akaleta. Dada naye akaleta.

Wote wawili wamekutwa na virusi. Wote wameanza dawa leo, na muuguzi anasema wakizimeza vizuri mtoto anaweza kuzaliwa salama. Njiani kurudi nyumbani Shemeji akauliza, "Lakini Boay amefutwa kabisa?"

Dada alicheka huku analia.

Tunakutana tena zahanati baada ya wiki mbili, Jumanne, saa mbili kamili asubuhi. Aliyetangaza ni Shemeji.