Nafasi ya Bruda Anselmo

Jumatatu, 4 Agosti

Nimemwogesha Kosmas, nimebadilisha shuka. Uji kaukataa. Vumbi la viwanda vya hapa Zegereni limejaa dirishani tena, nikifuta asubuhi jioni limerudi. Daktari alishasema ini limekwisha, nimrudishe nyumbani. Majirani wanadhani ni pombe. Mume wangu alitengeneza mvinyo ujana wake wote na hakuwahi kulewa hata siku moja. Nimechoka kuwaeleza.

Leo amesema anataka kuliona Kasri kabla hajafa. Nimekwenda kufua.

Alhamisi, 7 Agosti

Ameuliza tena. Kasri ndilo jina ambalo watu wamelipachika jumba la watawa kule Vihingo. Watawa wa Kizungu walilijenga kwa kuiga majumba ya kwao: ukuta wa mbele umejikunja huku na huku, nguzo zimesokotwa, malaika wa plasta wana mashavu kama watoto wa kliniki. Kosmas alikuwa bruda pale, msimamizi wa mvinyo. Mimi nilikuwa nauza mihogo getini, jina langu Mwanahawa. Akaacha nadhiri zake, nikaacha dini ya baba yangu, nikabatizwa Monika. Watawa walimfungia mlango. Kwetu Mzenga nami nikafungiwa. Ngoma droo.

Mtoto hatukujaliwa. Nyuma ya nyumba hii tumeshachagua pa kuzikwa, yeye kushoto, mimi kulia. Ndilo jambo pekee ninalolitaka sasa. Naliogopa lile jumba.

Jumamosi, 9 Agosti

Tumekwenda. Gari la kukodi, amelala kiti cha nyuma, kichwa mapajani pangu. Siku hizi Kasri linapokea wageni. Vijana kutoka Dar wanapiga picha chini ya malaika, na binti mwenye kitambulisho shingoni anawaeleza kwamba watawa walivuna zabibu hapahapa. Kosmas akacheka. Sikumbuki alicheka lini mara ya mwisho. Mizabibu ya hapa ilioza yote, zabibu zikawa zinaletwa kwa lori kutoka Dodoma.

Mimi na dereva tukamshusha kwa kiti chake cha magurudumu hadi chumba cha chini, penye mapipa. Akaegemeza shavu kwenye pipa, akafumba macho. Tangu augue hajaniegemea hivyo. Nimelionea pipa wivu.

Kisha mzee mmoja mwenye kanzu nyeusi akaita, "Anselmo." Ndilo jina lake la utawani. Kosmas akageuka papo hapo. Mimi siku hizi namwita mpaka nachoka.

Mzee mwenyewe ni Bruda Placidi, waliingia utawani pamoja. Akatupeleka makaburini. Pale watawa huzikwa kwa kufuata zamu ya kuweka nadhiri, si zamu ya kufa. Misalaba iko safu kwa safu. Kati ya miwili pana kiwanja kitupu, kimefagiliwa.

"Nafasi yako hatujaigusa," akasema Bruda Placidi.

Mume wangu alilia. Nilishikilia kiti chake cha magurudumu, nikatazama pembeni. Miaka yote hiyo walikuwa wanafagia.

Jumapili, 10 Agosti

Nimemuuliza asubuhi, kabla sijaingiwa na woga. Na mimi je? Pale hawazikwi wanawake.

"Monika, kule nilikuwa mtu," akasema.

Nikamuuliza hapa alikuwa nani. Akasema nimemtunza vizuri. Kutunza! Hata stoo inatunzwa.

Namchukia. Nimempa dawa, nimemgeuza ubavu asipate vidonda.

Ijumaa, 22 Agosti

Amefariki alfajiri. Bruda Placidi amepiga simu, amenipa pole, halafu akawa anazungushazungusha maneno. Nilijua anachotaka. Ningeweza kukataa. Mke ni mimi, wa kunibishia hakuna. Nimesema njooni mmchukue.

Sikufanya kwa wema. Sitaki kulala kando ya mtu anayetamani kuwa kwingine.

Jumatatu, 25 Agosti

Tumezika. Wameimba vizuri. Walimwita Anselmo mwanzo hadi mwisho, ikafika mahali sijui wanamzika nani. Msalabani wameandika jina hilo tu. Kosmas hayupo popote.

Baadaye wakanipa glasi ya mvinyo. Mchachu. Nikaunywa wote.

Jumapili, 31 Agosti

Sikwenda kanisani. Nimempigia mdogo wangu Zuhura, Mzenga. Kwetu ni yeye tu anayepokea simu zangu. Alikuwa hajasikia habari za msiba, akanipa pole, akalia kidogo. Nikamuuliza kama kando ya kaburi la mama pamebaki nafasi. Nikawa nasikia kuku wake.

"Dada, pale pamejaa."

Hapajajaa. Anajua, na mimi najua kwamba aliyeiacha dini hazikwi pale. Nimemshukuru kwa kusema pamejaa. Akauliza kama nimekula, nikamwambia bado. Nimebandika wali, umeungua kidogo chini, nimekula hivyohivyo.