Bibi Doreen wa Burnley

Al-Malqa, Riyadh
4 Februari 2024

Kaka Danson,

Habari ya Jeddah? Mgongo umeacha kuuma? Mimi nashukuru Mungu, ila jino la mbele halipo. Madam, mke wa bosi, alinitandika na sufuria, eti wali umeshikana.

Wa kunihurumia hapa ni mama yake bosi, Bibi Doreen, Mwingereza aliyeolewa huku, wa Burnley, mji wa viwanda vya pamba. Alianza kufuma akiwa na miaka kumi na tano. Kelele za mashine zilimuua masikio. Wafumaji wote waliongea kwa midomo, bila sauti. Amenifundisha, na madam akiwa papo hapo tunamsengenya! Anasema wanawake wa huko walikuwa moto: msimamizi aliyewashikashika walimvua suruali wakampaka grisi. Viwanda vikafungwa, zikabaki dohani bila moshi na waume bila kazi.

Simu naificha ndani ya unga. Usipige.

Dadako,
Zipporah

Al-Hindawiyah, Jeddah
9 Februari

Dada Zippy,

Salamu nyingi, mgongo ni sawa. Lakini jino! Nimelia, wallahi. Nimempigia bosi wako, nikamsihi kwa heshima, maana kwetu mtu ukimwendea hivyo huona haya. Amekuwa mpole kabisa. Ameuliza tu nilijuaje, nikamwambia unaniandikia.

Kakako,
Danson

20 Februari

Zippy, siku kumi na moja mafi habari, hakuna kabisa. Andika hata neno moja.

Danson

Kituo cha hifadhi ya wanawake, Riyadh
2 Machi

Kaka,

Natumai u mzima. Mimi niko hai. Hii ni simu ya Maryann, tunalala naye chumba kimoja.

Kwa nini ulipiga? Nilikukataza! Madam alimwaga unga wote sakafuni. Alinichoma na pasi mkononi, kisha mgongoni, akanifungia stoo siku kumi. Bibi Doreen akaja kunifungulia. Madam akatukuta pale juu ya ngazi, akanishika nywele, akanigonga kichwa ukutani mara sijui ngapi. Bibi, na miaka yake themanini na tano, akamchapa mkongojo wa mdomo, damu ikaruka.

Nikashuka mbio. Nilipogeuka mlangoni, madam alimsukuma kwa mikono miwili. Bibi akaporomoka ngazi zote, akafa pale pale, nami nikatoka mbio hadi huku.

Jana bosi alikuja huku akilia. Anataka niandike kwamba mama yake aliteleza, naye atanipa karatasi ya kutoka nchini, maana bila ruhusa yake siwezi kuondoka.

Dadako,
Zipporah

Jeddah
3 Machi

Dada yangu,

Nisamehe, mimi ndiye mjinga. Lakini tia sahihi, halas, yaishe, urudi nyumbani. Yule bibi hatafufuka. Nakuomba.

Kakako,
Danson

Riyadh
5 Machi

Kaka Danson,

Pole na mawazo. Nimekusamehe.

Bosi nimemweleza yote, nikimtazama usoni. Aliikunja ile karatasi ya kutoka nchini, akaondoka nayo. Polisi wanakuja saa tatu kuandika maelezo yangu.

Mwambie mama sitafika Pasaka.

Dadako,
Zipporah