Mtamba Uliyemwekesha Rais

Baba,

Shikamoo. Mama anasema marehemu haamkiwi, lakini mimi siwezi kuanza kuongea na wewe bila shikamoo. Ungenikatiza hapo hapo uniulize nimelelewa na nani.

Naanza na habari yenyewe, maana wewe hukuwa na subira: jina lako limesafishwa. Hukumdhihaki Rais. Sasa hata Mwenyekiti wa kijiji anasema hivyo mbele za watu, yule yule aliyekuwa akikutaja kwa kunong'ona. Tangu juzi napumua vizuri. Sikujua kwamba nilikuwa nimebana pumzi muda wote huo.

Unajua yote yalianza na ile redio yako, uliyonunua kwa Mhindi Singida mjini baada ya kuuza dume la ng'ombe, Mama akakununia mpaka mtama ukachanua. Ulikuwa ukiibeba kwapani kwenda nayo duka la ushirika, unaketi nje na wenzako, unawasimulia habari za Rais kama vile ni mtu wa ukoo wetu aliyehamia mbali. Kwamba alichunga mifugo utotoni kama sisi. Kwamba akasoma, akafundisha, akasimama mbele ya Waingereza akadai nchi bila kurusha hata jiwe, na akapewa. Ukifika hapo unaguna kwa raha, unajipapasa kidevu. Halafu sura inabadilika. "Amepanda mpaka juu kabisa," unasema. "Sasa zizi lake liko wapi?"

Hilo ndilo lilikukosesha raha. Redio ilikuwa imesema viongozi wasiwe na mishahara miwili, wasiwe na nyumba za kupangisha, wasitajirike kwa vyeo vyao. Wenzako walipiga makofi. Wewe ulirudi nyumbani umenywea, ukamwambia Mama, "Mtu mkubwa hivyo, asubuhi maziwa anaomba kwa nani?" Mama akacheka mpaka akaweka kata chini. Wewe hukucheka. Kwako mtu kupanda ni kupanda na ng'ombe, na kama nchi nzima imemwacha kiongozi wake bila hata mmoja, basi aibu ni ya nchi.

Ndipo siku ile ya mkutano, afisa kutoka wilayani alipokuja kutueleza juu ya kuhamia kijiji kipya cha ujamaa, ukasimama umeshika kamba, na mwisho wa kamba yuko yule mtamba mwekundu mwenye baka jeupe begani. Ukasema, "Mpelekeeni Rais. Nimemwekesha."

Sisi wote tulielewa. Nani hajawekeshwa ng'ombe hapa? Unampa mwenzako amtunze, anakamua, maziwa anakunywa na watoto wake, ndama ni wako mwenye ng'ombe, na siku ukiridhika unampa mmoja awe wake moja kwa moja. Huo ndio undugu. Ombaomba hapewi ng'ombe kwa namna hiyo. Anapewa yule unayemwamini.

Lakini afisa alikuwa mtu wa pwani, maskini, hata mtamba na ndama hakuwa anawatofautisha. Alichokiona ni mkulima mwenye koti lililochanika anamtolea mkuu wa nchi sadaka. "Unasema Rais ni ombaomba?" akauliza. Na wewe, Baba, na mdomo wako huo! Badala ya kumweleza taratibu, ukamjibu, "Nasema hana ng'ombe. Kwani anao?" Watu wakaangua kicheko. Kicheko kile ndicho kilichotuponza.

Ukaitwa wilayani. Ulirudi ukasema wamekuambia usubiri, na hukusema unasubiri nini. Mwenyekiti akawaonya watu wasionekane kwako. Tulipohamia, nyumba yetu ikapangwa mwisho kabisa wa mstari, karibu na mawe. Kisha kifua kikakubana, na kabla mvua hazijakolea ukatutoka.

Hili la mazishi sikutaka kukuambia, ila lazima. Walikuja watu wa kuzika, wakazika upesi, wakaondoka. Hakuna aliyekaa matanga. Mama alipika chungu kikubwa kile cha harusi, ugali ukapoa, akakaa mlangoni anatazama njia. Mimi nilikuwa na hasira, Baba. Hasira na wao, na kwa kweli hasira na wewe pia, na huyo mtamba wako.

Sasa sikiliza. Juzi Rais alipita barabara ya Dodoma akija Singida, ikaamuliwa asimame kwetu alime na wananchi shamba la kijiji. Mwenyekiti alikuja mwenyewe kutuambia mtamba apelekwe malishoni mbali, asionekane. Mama akaitikia, "Sawa, Mwenyekiti." Alivyoitikia kwa upole, nilipaswa kushtuka.

Watu wako shambani, majembe yanapanda na kushuka, vumbi, nyimbo, mara namwona Mama anatokea upande wa mawe kavaa kitenge chake kizuri, anamvuta mtamba. Mama, ambaye mbele ya baba mkwe wake hakuwahi kuinua macho! Nikamkimbilia nimshike nguo. Akanitazama tu, nikaachia. Akaenda moja kwa moja. "Shikamoo, Mzee. Huyu ni wako. Mume wangu alikuwekesha. Amekufa hajakukabidhi."

Nyimbo zikakatika. Yule afisa alikuwepo, uso umemshuka. Mwenyekiti alikuwa anatazama ardhi kama anatafuta pa kuingia. Mimi nikajua tumekwisha.

Rais akaegemea jembe. Akamuuliza mzee aliyekuwa karibu naye huku kwetu kuwekesha ni nini, mzee akamweleza, kwa kirefu, unavyojua wazee. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaacha jembe, akamsogelea mtamba, akampitisha mkono mgongoni, akashuka mpaka tumboni, akamuuliza Mama kama mtamba ana mimba.

Baba, hakuna aliyemfundisha aulize hivyo! Ndilo swali la kwanza la mtu anayepokea ng'ombe. Wazee waliguna wote pamoja, na mimi nikaanza kulia hapo hapo na jembe mkononi. Akampa Mama pole ya msiba. Akasema amempokea, ila kwa kuwa anakaa mbali, anamwomba Mama amtunzie na maziwa tunywe sisi.

Jioni ile ile watu wakaanza kuja nyumbani, na hawakuja kushangilia. Walikuja na vigoda na mikeka, wakaketi, wakakulilia kama ulivyostahili kuliliwa. Mwenyekiti alileta debe la uwele, akalia kuliko wote, mpaka akaniudhi. Nilitaka kumwambia aende akalie kwake. Mama akampa kiti. Basi, na mimi nikampa maji.

Hawajaondoka mpaka sasa ninapoandika. Huko nje wanabishana ndama atakayezaliwa ni wa nani, wako au wa Rais, na kila mmoja anakunukuu wewe. Mama anacheka tena, Baba. Kile kicheko chake cha kuweka kata chini.

Kwa hiyo pumzika. Hasira yangu na wewe imekwisha, na nakuomba radhi kwa zile siku nilizopita kaburini kwako bila kusimama. Nitamtunza Mama, na mtamba nitamchunga mwenyewe. Na nakuahidi hili: nikipata watoto, wakiniuliza babu yao alikuwa mtu wa namna gani, nitawaambia alikuwa na redio moja na koti lililochanika, akamwonea Rais huruma, na Rais akaipokea.

Binti yako,
Monika