Munyu wa Pinga

Kingi, Masisi
Tarehe 14 Septemba 1969

Mpendwa Shangazi Dancille,

Amani ikae nyumbani mwako. Je, kifua chako kimetulia tangu mvua zirudi? Na mihogo yenu, nguruwe wa porini wameiacha? Sisi wa Kingi tunamshukuru Mungu, na wa kwanza kushukuru ni kaka yako, Papa Faustin.

Najua barua hii itasomwa kwa sauti mbele ya nyumba nzima. Kwa hiyo nimeyachagua maneno yangu, maana jambo lenyewe linakuhusu, na sitaki mtu alisikie vibaya.

Mwezi wa tano Papa alivimba miguu hata viatu vyake vya misa vikamkataa. Mkojo wake ulikuwa na povu kama kasiksi ya ndizi inayochacha, na akipanda kwenda shambani alikaa mara tatu kutafuta pumzi. Munganga wa misioni alipima damu, akatueleza kwamba mafigo yamechoka, kama yanavyochoka kwa wazee wengi. Hayatarudia nguvu za ujana, ila yakitunzwa yanaweza kumfikisha mbali. Akampa vidonge, akamkataza chumvi.

Tangu siku hiyo mke wangu Adelaïde alipika maharagwe bila chumvi, nasi sote tukala chungu kimoja na Papa ili asijione ametengwa. Hata hivyo miguu ilizidi kuvimba. Majirani wakanong'ona kwamba Adelaïde amechoka kumhudumia mkwewe, ndiyo maana anamtilia chumvi kwa siri. Yeye aliendelea kupika vilevile, lakini alikonda.

Ndipo Théoneste, mwuguzi wa misioni, alipotukuta mezani. Alimwona Papa akitoa mfukoni kile kifurushi cha majani unachomtumia kila mwaka kutoka huko Pinga, akinyunyiza munyu unaouchuja mwenyewe kutoka majivu ya majani ya bondeni. Akauliza ni nini. Papa akamjibu kwa utulivu kabisa:

« Munganga alikataza chumvi ya dukani. Hii ni munyu ya dada yangu. »

Théoneste akaonja kidogo.

« Papa, ulimi yako inajua chumvi na munyu ni vitu mbili. Mafigo yako haijue. »

Akatueleza kwamba, kwa mafigo yaliyochoka, munyu wa majivu unaweza kudhuru hata kuliko chumvi ya dukani, na kuufikia moyo wenyewe. Papa akakifunga kifurushi, akaisukuma sahani.

Shangazi, unamjua kaka yako. Tangu utoto wangu sikuwahi kumsikia akikiri kosa mbele ya watu. Jumapili iliyofuata, misa ilipokwisha, aliomba ruhusa, akasimama na fimbo yake mbele ya wote:

« Mimi njo nilikosa. Munyu nayo ni chumvi. Huyu mutoto Adelaïde mulimusingizia bure. Na mwenye kuvimba miguu aende wapime mukojo yake, asingoje kama mimi. »

Wazee wanne walikwenda juma hilohilo. Nimehutubia makutano mengi, shuleni na kanisani, lakini sijapata kusema maneno yenye uzito wa hayo. Siku ile nilijivunia kuitwa mtoto wake kuliko siku nyingine yoyote. Adelaïde alilia njia nzima ya kurudi, huku Papa akimtania kwamba machozi nayo yana chumvi, asije akayadondosha chunguni.

Leo uvimbe umepungua na viatu vya misa vinaingia. Munganga anasema mafigo ni yaleyale, nguvu yake ni ndogo, ila haijashuka tena.

Basi usijilaumu hata kidogo. Papa amekataa kifurushi chako kitupwe. Kimetundikwa juu ya kitanda chake, kimefungwa. Amenituma nikuandikie haya bila kubadilisha neno:

« Dada yangu asitume tena munyu. Aje yeye mwenyewe. Nitamupokea njiani, kwa miguu yangu. »

Utusalimie Papa Raphaël, mume wako, pamoja na Rosalie na watoto wake. Adelaïde anakutengea maharagwe mapya. Utayala bila chumvi, kama sisi.

Mungu akufungulie njia, Shangazi, akulete salama.

Ni mimi mwanao, nikupendaye daima,
Damien