Breki za Kaka Saidi

Mjukuu wangu Idrisa,

Wengi wanaotaka kulitia nguvu gari kuukuu hukosea jambo lile lile: huanza na injini. Nawe katika barua yako umeniuliza habari za injini tu. Pokea salamu zetu kwanza. Bibi yako hajambo, ila magoti yanamsumbua, na mvua imeangusha ukuta wa jiko.

Enzi za Mwingereza, mimi na kaka yangu Saidi, fundi hapa Temeke, tulipata motokaa ndogo iliyokwisha kutupwa. Tukaifungia injini ya lori la jeshi. Ilinguruma hadi majirani wakatoka nje. Lakini breki zilibaki zile zile za waya, zilizotengenezwa kwa ajili ya injini dhaifu. Nilipoikanyaga pedali, iliingia mpaka chini.

"Kaka, breki bado," nilimnong'oneza.

"Kunguru mwoga wewe! Panda au shuka!" alisema kwa sauti, umati ukacheka.

Nilishuka. Niliona kumbishia kaka mbele za watu ni kumvunjia heshima, nikanyamaza. Aliondoka peke yake. Kwenye mteremko wa Pugu breki hazikushika. Tulimzika kesho yake, alasiri.

Watu waliniambia ni kazi ya Mungu, nami naamini. Hata hivyo, heshima niliyomwekea siku ile haikumfaa kitu.

Umeandika kwamba mdogo wako Zuhura anakataa kupanda gari lako, nawe unamcheka. Leo mwite kando, umuulize anaogopa nini, na umsikilize mpaka amalize.