Chuo Nilichombadilishia Nafula

Mansfield, Texas, Jumapili, katikati ya Oktoba

Joto limerudi. Wiki iliyopita tulitoa masweta tukadhani mwaka umegeuka, na alasiri hii nimewasha kiyoyozi tena na bado fulana inanishika mgongoni. Tumefika kutoka Houston saa nane. Begi langu liko pale mlangoni, sijalifungua, na badala ya kupika nimekaa mezani kuandika. Nina jambo la kuungama, na nisipoliandika leo, kesho nitakuwa nimeshaanza kulipunguza.

Nilimbadilishia binti yangu chuo.

Nieleze vizuri, kwa anayepita hapa mara ya kwanza. Nafula, kifungua mimba wangu, ana miaka kumi na saba, na anaomba nafasi katika chuo kikuu kimoja cha zamani huko Uingereza. Chuo hicho si kama hivi vya Texas. Ndani yake mna vyuo vidogo zaidi ya ishirini, kila kimoja na mabweni yake, chumba chake cha kulia, maktaba yake, vingine hata kanisa lao. Kwenye mihadhara mnakutana wote, lakini unalala na kula chuoni kwako, na ukishakuwa wa pale ni wa pale. Kwenye fomu unaandika chuo kimoja tu. Ukishindwa kuamua unaacha wazi, nao wanakupanga wanapotaka. Mwisho wa kutuma ni Jumatano.

Katika nyumba hii mimi ndiye waziri wa fomu. Baba Nafula ni dereva wa lori, wiki hii yuko upande wa Ohio, na tangu tuje Amerika kila karatasi imepitia mikononi mwangu: ya uhamiaji, ya bima, ya shule, ya daktari wa meno. Nywila ya kila mtu ninayo kwenye daftari dogo ndani ya droo ya vijiko. Kwa hiyo Alhamisi, nilipotoka zamu hospitalini, niliingia kwenye fomu ya Nafula kuangalia tu kama mwalimu wake ameshatuma barua ya kumpendekeza. Alikuwa ameshatuma. Nikateremka chini kidogo, nikaona chuo alichochagua.

Mimi nilikuwa nimeangalia picha za vyuo vyote wakati wa mapumziko kazini, nikiwa na sahani yangu ya wali mapajani. Vipo vya mawe ya kale, na nyasi ambazo mwanafunzi haruhusiwi kuzikanyaga, na milango mifupi ya kuinamia. Nafula akaviruka vyote akachukua kimoja kilicho nje ya mji, cha saruji tupu, kinachofanana na jengo la kuegesha magari pale uwanja wa ndege. Na wakati huohuo kulikuwa na chuo cha wasichana pekee, kizuri, chenye bustani na vyumba vinavyopata jua. Nilikifuta kile cha saruji. Nikaweka cha wasichana. Nikahifadhi, nikaenda kuoga.

Na nililala fofofo. Hilo ndilo linaloniaibisha zaidi.

Nililala kwa sababu mimi mwenyewe nilibadilishiwa. Darasa la nane, kabla ya mtihani, tuligawiwa fomu za kuchagua shule za sekondari. Tulizijaza kwa penseli, tukiwa hatujaiona hata moja kati ya shule zile. Tulichagua majina. Mimi kwa bahati nilikuwa nimeona wanafunzi wa shule moja, wasichana waliokuja mjini kwetu kwa tamasha la muziki wakiwa na sketi za zambarau. Walipanda jukwaani wakaimba kana kwamba hawajawahi kumwogopa mtu. Niliandika shule yao kwenye nafasi ya kwanza, na herufi zangu nikazikoleza mpaka karatasi ikaacha alama upande wa pili.

Baba alikuwa karani kwenye kiwanda cha sukari, mtu wa maneno machache na shati lililonyooshwa. Jumatatu asubuhi alipanda baiskeli hadi kwa mwalimu mkuu, akaomba kifutio. Alisikia kwamba shule ya sketi za zambarau iko karibu mno na mji, na mji una wavulana. Akaandika shule ya masista, huko juu milimani, mahali ambapo hata ng'ombe wanatetemeka. Mimi nilijua siku barua ilipofika.

Na niliipenda ile shule. Nitake nisitake nitaisifu hadi kufa. Naikumbuka harufu ya sakafu ya mbao tuliyoipaka nta kila Jumamosi tukiteleza na vipande vya blanketi miguuni. Naikumbuka sweta ya kijani kibichi iliyorefuka mikono kila ilipofuliwa, sanduku langu la bati na kufuli lake, kakao ya unga tuliyoilamba kavu kwenye kiganja baada ya taa kuzimwa. Chai ilikuwa maji yaliyoonyeshwa maziwa kwa mbali. Tuliinywa kwa vikombe vya plastiki tukivishika kwa mikono miwili, ukungu ukiingia hadi ndani ya bwalo. Watoto wangu wameyasikia haya mara nyingi mpaka wanaweza kunimalizia sentensi. Nikivuta pumzi tu, mdogo wake Nafula anasema, "Here comes the cocoa."

Sasa ndipo aingie Jerusha. Jerusha na mimi tulilala kitanda kimoja cha ghorofa miaka yote minne, yeye juu, mimi chini. Leo anaishi Stafford, kusini mwa Houston, anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee, na nyuma ya nyumba yake ana sukuma wiki zinazofika kiunoni. Jana nilimchukua Nafula tukaenda kwake. Nilimwambia Nafula ni safari ya kumsalimia shangazi. Ukweli ni kwamba nilikuwa namtafutia shahidi. Nilitaka Jerusha amsimulie uzuri wa kukaa na wasichana pekee, ili mtoto abadilishe mawazo mwenyewe, nami nisiwe na haja ya kusema nilichofanya.

Mpango uliniendea vizuri kwa saa mbili hivi. Jerusha alikuwa ametuandalia chapati na ndengu. Alisimama katikati ya sebule akaiga mwendo wa matron wetu wa bweni, yule aliyevaa viatu vinavyolia, na Nafula akacheka mpaka akaweka sahani chini. Aliuliza maswali. Tulilala saa ngapi, tuliogaje kwenye baridi ile, ni kweli tulifua sweta kwa maji ya mvua? Mimi nilikaa kitini kama mama mkwe aliyeridhika. Kisha nikaona sasa ni wakati wa kupigilia msumari.

Nikasema, "Na hebu fikiria, mimi sikuitaka ile shule. Babangu ndiye alinichagulia. Leo ninamshukuru."

Jerusha akanigeukia, mwiko mkononi.

"Phanice, wacha hizo. Kwani umesahau visiting day ya first term?"

Nilimwashiria kwa macho. Jerusha hajawahi kuelewa ishara ya macho tangu kidato cha kwanza.

"Nafula, wacha nikwambie. Mamako alijifungia bathroom. Babake ametoka huko Western na basi mbili, amebeba kuku kwa kikapu, mamako akanituma kwa gate niseme ati ako sanatorium, haruhusiwi kuonwa. Mimi, mtoto wa watu, nikaenda nikadanganya mzee wa wenyewe. Second term akanituma tena, the same story. Mzee akakaa kwa nyasi na hiyo kikapu mpaka kengele ikalia. Akanipatia, akasema, 'Mwambie apone.' Na alikuwa anajua, Phanice. Hakuna mtu huwa mgonjwa visiting mbili."

Nafula hakucheka. Aliniangalia tu.

Nilitaka kusema kwamba nilikuwa nimesahau, lakini si kweli. Mtu hasahau sakafu ya bafu aliyoikalia kwa saa nne nzima. Kilichotokea ni kwamba kila ninapoisimulia ile shule ninaanzia muhula wa tatu. Nimefanya hivyo miaka mingi, na hakuna aliyewahi kuniuliza kuhusu miwili ya mwanzo. Jerusha alimla yule kuku peke yake, kwa sababu mimi nilikataa hata kumnusa, na usiku alinishushia kipapatio kutoka kitanda cha juu bila kusema kitu. Nilikila. Nadhani shule yangu ilianza hapo. Na Jerusha hakuchaguliwa na mtu. Matron alitupanga kwa namba, yangu ikafuatana na yake.

Baba alifariki mwaka wa pili baada ya sisi kuja huku, na sikuweza kwenda kumzika. Kwenye simu tulizungumza mambo mengi, mahindi, magoti yake, watoto. Sikuwahi kumwambia kwamba nilikuwa bafuni. Yeye naye hakuwahi kuniuliza. Nilimsamehe kile kifutio zamani sana, na sasa naona sikumwambia hata hilo. Jana nililia jikoni kwa Jerusha kama mtoto, na Jerusha, ambaye ndiye aliyenitia matatani, akanifuta uso kwa aproni yenye unga.

Leo asubuhi tulitoka Stafford mapema. Nafula alivaa visikilizi vyake kama kawaida. Tulipopita Huntsville, misonobari ikiwa pande zote mbili na barabara imenyooka, nilimgusa bega nikamwomba avitoe. Nikamwambia. Sikupamba. Alhamisi, kwenye fomu yako, nilifuta chuo chako nikaweka changu.

Nilitegemea apige kelele. Hakupiga. Akasema, kwa sauti ndogo, "So that was you."

Alikuwa ameiona Ijumaa. Akadhani ni yeye aliyekosea. Alidhani kama amekosea hapo, basi huenda amekosea kila mahali, akairudia fomu yote tangu jina lake, tarehe ya kuzaliwa, alama za kila somo. Alirudisha chuo chake. Halafu akashindwa kuituma kwa sababu hakujiamini tena. "I thought something was wrong with me, Mum," akasema. Mimi ni nesi. Nimewaambia watu habari mbaya vitandani mwao nikaendelea na zamu. Leo nilipunguza mwendo, nikahamia njia ya pembeni.

Nikaomba msamaha. Kwa Kiswahili, kwa sababu kwa Kiingereza "sorry" tunaitoa hata tukigongana na toroli sokoni. Nikasema, nisamehe, mwanangu, nimekukosea. Akasema, "Sawa." Halafu, "Si sawa, lakini sawa."

Ndipo nikamuuliza lile swali nililopaswa kuuliza Alhamisi. Kwa nini kile cha saruji?

Akaangalia dirishani. Akaniambia kwamba vyuo vingi pale huwatoa wanafunzi vyumbani kila likizo, na vingine mwaka wa pili vinakutaka ukajitafutie nyumba mjini. Kile cha saruji kinakuacha chumbani kwako mwaka mzima, Krismasi ikiwemo, miaka yote mitatu. "I didn't want you calling everybody in church, ukiuliza nani ako na cousin England."

Ningefanya hivyo hasa. Ningempigia mchungaji. Ningempigia yule mama wa Haltom City ambaye nimeonana naye mara moja tu kwenye harusi, kwa sababu nilisikia ana mpwa huko London.

Kwa hiyo hata kile chuo nilichokifuta, alikuwa amenichagulia mimi. Alikaa na picha zote zile za mawe na bustani akatafuta mahali ambapo mama yake hatakosa usingizi. Nikamuuliza, na ningekuwa sina wasiwasi hata kidogo, ungechagua kipi? Jina hakulitaja. Lakini nilimwona akianza kutabasamu upande mmoja wa mdomo, kama babu yake, na nikajua kipo. Kipo kingine, na amekuwa akikiangalia peke yake.

Nikasema, basi kiandike hicho. Mambo ya Krismasi yatajulikana Krismasi. Sijui nilikotoa maneno hayo. Wala siyaamini kabisa, kusema kweli. Tayari nimeshawaza sanduku lake likiwa kwenye kituo cha treni na mvua inanyesha.

Tulipofika nyumbani alikaa hapa mezani, mbele yangu, kompyuta akiielekeza kwake, mimi nikiona mgongo wa skrini tu na vibandiko alivyobandika. Akaniarifu kwa adabu kwamba amebadilisha nywila. Nikasema amefanya vyema. Alisoma kila kitu mara moja, mara moja tu, nilimhesabia. Kisha akabonyeza.

"Done," akasema.

Akanitazama. Alikuwa anangoja niulize, na swali nilikuwa nalo. Nikamuuliza kama atakula ugali au wali.

"Ugali," akasema, na akainuka, na alipopita nyuma ya kiti changu aliniegemea kidogo begani kwa kidevu, jambo ambalo hajalifanya tangu awe mrefu kuliko mimi.

Sasa yuko chumbani kwake kwenye simu na rafiki yake. Anacheka. Anamsimulia, nasikia sauti inapanda na kushuka lakini maneno hayafiki. Mlango hakuufunga vizuri. Nikisimama nikaenda hadi kwenye friji, kutoa mboga tu, nitalisikia jina la chuo.

Sijasimama.